Uwanja ni Wetu, Mbona Lango Si Letu?



Nchi hupimwa kwa mengi. Wako wanaoipima kwa barabara zake, na wako wanaoipima kwa urefu wa misafara ya mawaziri wake. Sisi leo twataka kuipima Kenya kwa lango la uwanja wa michezo. Nenda Kasarani siku ya mechi kubwa, au Nyayo siku ya tamasha la muziki, usimame kando kwa nusu saa utazame. Utaona lango moja pana lisilo na foleni, ambamo magari yenye vioo vyeusi huingia bila dereva kukanyaga breki. Utaona na lango jingine, jembamba, ambalo foleni yake yafika barabarani. Hapo mzazi aliyemshika mwanawe mkono, kijana aliyevaa jezi ya kijani ya Gor Mahia, na mama aliyenunua tiketi kwa akiba ya juma zima wanasukumwa, wanapekuliwa na kukemewa, na wakikosa bahati wanacharazwa. Hao ndio wenye uwanja. Kodi yao ndiyo inayoutunza. Lakini aliyeshika rungu langoni hakuambiwa kwamba anawafungulia wenye nyumba. Aliambiwa kwamba anawazuia maadui.

Hoja yetu ni hii: jinsi serikali inavyompokea raia langoni mwa uwanja ndivyo inavyomwona kila mahali pengine, kituoni mwa kura, korokoroni, na barabarani anapoandamana. Mfumo wa vyama vingi, uliopatikana kwa jela na kwa damu, uliongeza majina katika karatasi ya kura. Mkono ulioshika rungu langoni bado haujapata habari. Kwa hiyo sisi tunaodai mageuzi hatuwezi kusema kwamba mambo ya mpira na muziki ni mchezo tu, yasiyostahili nafasi katika ukurasa huu.

VIWANJA VYA MTU MMOJA

Tuanze na historia, maana asiyejua alikotoka hawezi kudai anakokwenda.

Mnamo Juni 1982 Bunge lilipitisha kifungu cha 2A, na KANU ikawa ndicho chama pekee kilichoruhusiwa na sheria. Mwezi wa Agosti likaja jaribio la mapinduzi, na baada yake hofu ikaingia kila nyumba. Uwanja wa Nyayo ulifunguliwa mwaka uliofuata, 1983. Jina lake halikuwa la mchezaji wala la mtaa. Lilikuwa wito wa kisiasa wa mtawala aliyekuwa madarakani. Katika miaka hiyo hiyo likapanda katikati ya jiji jengo jingine lenye jina lilo hilo, Nyayo House. Jina moja, majengo mawili. Katika jengo la kwanza wananchi walihimizwa kuimba. Katika vyumba vya chini ya jengo la pili, wale waliotuhumiwa kutoimba waliteswa, wengine wakifungiwa gizani katika vyumba vilivyomwagiwa maji. Umma haukuruhusiwa kuviona vyumba hivyo hadi 2003. Twakumbusha haya kwa sababu uwanja na korokoro vilikuwa pande mbili za sarafu moja. Aliyekataa kupiga makofi juu alijua kuna mahali chini.

Mwaka wa 1987 ukaja uwanja mkubwa zaidi, Kasarani, uliojengwa kwa msaada wa China kwa ajili ya Michezo ya Nne ya Afrika, wenye nafasi ya watu kama 60,000. Huo nao ukapewa jina la rais aliyekuwa madarakani. Hatubezi jengo lenyewe. Ni jengo zuri, na vijana wetu walikimbia humo wakaiheshimisha nchi. Lakini tazama vile viwanja hivyo vilivyotumika. Katika sikukuu za taifa watoto wa shule walipanga miili yao kuwa maandishi ya sifa, kwaya zikaimba utii, na maelfu wakakaa juani wakisubiri msafara mmoja ufike. Ilikuwa ibada, na aliyeabudiwa hakuwa Mungu. Waumini wanaosoma ukurasa huu wanajua Maandiko yasemavyo juu ya sanamu ya dhahabu iliyosimamishwa uwandani, na juu ya vijana watatu waliokataa kuisujudia ngoma zilipolia.

SAUTI ILIYOSALIA

Hata hivyo watawala walisahau jambo moja. Ukiwakusanya watu maelfu mahali pamoja, huwezi kuwa na hakika ya watakalosema.

Mwaka wa 1980 serikali ilipiga marufuku vyama vya kikabila vya ustawi, na vilabu vya mpira vikaamriwa kubadili majina. Abaluhya ikawa AFC Leopards. Mashabiki hawakubadilika. Katika miaka ambayo vyama vya siasa havikuruhusiwa, vyama vya wafanyakazi vilibanwa, na mhadhiri aliweza kufungwa kwa karatasi iliyokutwa nyumbani mwake, uwanja wa mpira ulibaki mahali pa nadra ambapo fundi wa Kariobangi na karani wa mjini waliweza kusimama pamoja, kupaza sauti, kumzomea mwamuzi dhalimu na kudai haki itendeke papo hapo. Gor Mahia walipolitwaa Kombe la Mandela mnamo Desemba 1987, barabara za Nairobi zilijaa watu ambao hakuna chifu aliyewaamuru kutoka. Walitoka wenyewe. Hilo lilikuwa funzo la uraia, ingawa hakuna aliyeliita hivyo.

Na kombe lenyewe lilikuwa na jina la nani? La mfungwa aliyekuwa bado gerezani Afrika Kusini. Nchi iliyowaweka wanawe kizuizini bila hukumu ililishangilia kombe lenye jina la mtu aliyefungwa kwa kudai haki. Watawala wetu hawakuiona kejeli hiyo. Wananchi wengi waliiona.

KAMUKUNJI NA KASARANI

Sasa linganisha viwanja viwili vya jiji moja. Mwaka wa 1990 Kenneth Matiba na Charles Rubia waliomba kuhutubia mkutano katika uwanja wa Kamukunji tarehe 7 Julai. Walinyimwa leseni. Siku chache kabla ya tarehe hiyo wakatiwa kizuizini, na Raila Odinga pia. Watu walijitokeza hata hivyo, na polisi wakawafyatulia risasi na vitoza machozi. Siku ile tunaiita Saba Saba, na waliouawa hawakuwa na silaha.

Wananchi kukusanyika Kamukunji kulikuwa kosa. Lakini chama tawala kukusanyika Kasarani hakukuhitaji kubembeleza afisa yeyote. Mnamo Desemba 1991 wajumbe wa KANU walikutana huko Kasarani. Msemaji baada ya msemaji alisimama kuulaani mfumo wa vyama vingi. Kisha mwenyekiti wao akasema kwamba kifungu cha 2A kiondolewe, na wale wale waliokuwa wakilaani wakapiga makofi. Mwezi huo huo Bunge likakifuta. Tunawaomba vijana wasome kisa hiki kwa makini. Uhuru wetu haukuzaliwa ndani ya ukumbi ule. Ulizaliwa Kamukunji, makanisani, na katika vyumba vya mahakama ambako watu walisimama bila wakili. Kasarani ulikubaliwa tu, kwa shingo upande, na watu ambao dakika tano kabla yake walikuwa wakiukana.

Kwa hiyo twasema kwamba deni la Kasarani kwa raia ni kubwa. Na limelipwaje?

LANGO HALIULIZI CHAMA

Tarehe 23 Oktoba 2010, miezi miwili tu baada ya Katiba mpya kutangazwa, Gor Mahia na AFC Leopards walikutana katika Uwanja wa Nyayo. Watu 7 walikanyagwa wakafa katika msongamano. Walikwenda kutazama mpira. Katiba iliyowahakikishia haki ya uhai ilikuwa na siku 57.

Mnamo Aprili 2014, baada ya mashambulizi ya kigaidi jijini, maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, wakimbizi na Wakenya pamoja, walikamatwa Eastleigh na mitaa mingine. Wengi walipelekwa Kasarani. Serikali ilieleza kwamba uwanja umetangazwa kuwa kituo cha polisi. Kifungu cha 49 cha Katiba chasema aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, au siku ya kwanza ya mahakama ikiwa muda huo unaishia siku ya mapumziko. Wako waliokaa uwanjani humo siku kadhaa. Hakuna anayekana kwamba dola ina wajibu wa kuwasaka magaidi. Lakini ukiweza kuugeuza uwanja kuwa korokoro kwa tangazo la gazeti rasmi, waweza kuligeuza kanisa pia, na msikiti, na shule. Wachile wanalijua jambo hili: baada ya mapinduzi ya Septemba 1973, Uwanja wa Taifa wa Santiago uligeuzwa gereza la maelfu.

Tarehe 28 Novemba 2017 rais aliapishwa Kasarani. Waliofika kumshangilia walipojaa langoni kuliko nafasi iliyokuwapo, polisi waliwarushia vitoza machozi. Hao hawakuwa wapinzani wake. Walikuwa wafuasi wake, wengine wamevaa rangi za chama chake. Tarehe 13 Septemba 2022 rais mwingine, wa muungano mwingine, aliapishwa katika uwanja huo huo. Watu walifika kabla ya mapambazuko, wakabanana langoni, na wengi wakajeruhiwa. Ndugu zetu wa kila chama na watie maanani: lango haliulizi chama. Linauliza tu kama u mkubwa au u mwananchi.

Tarehe 16 Oktoba 2025 mwili wa Raila Odinga ulirudishwa nyumbani kutoka India. Umati uliojitokeza ulikuwa mkubwa hata utaratibu wa kumuaga ukahamishiwa Kasarani. Watu walikuja na matawi na vilio. Waliposukumana langoni, askari walifyatua vitoza machozi na risasi, na watu wasiopungua 3 wakauawa. Kwa miaka 35 mtu yule alikuwa amebadili vyama, washirika na mikakati, na wengi wetu tulitofautiana naye mara nyingi. Lakini mwaka wa 1990 alitiwa kizuizini kwa ajili ya mkutano wa hadhara, na mwaka wa 2025 waliokuja kumlilia walipigwa risasi kwa kukusanyika. Baina ya miaka hiyo miwili tulikuwa tumeandika Katiba nzima.

WANAVYOJITETEA

Tumezoea kusikia majibu matatu, na ni haki tuyasikilize kabla ya kuyapinga.

Jibu la kwanza ni kwamba umati wetu hauna adabu. Mashabiki huja bila tiketi, huruka ukuta, huvunja lango. Ni kweli kwamba hayo hutokea. Mnamo Agosti 2025, Kenya ilipokuwa mwenyeji wa mashindano ya CHAN pamoja na Tanzania na Uganda, Shirikisho la Soka la Afrika lilipunguza watazamaji wa mechi zetu Kasarani hadi 27,000 baada ya watu kuingia kwa nguvu. Tuliaibika mbele ya bara zima. Lakini tuulize kama mawakili waulizavyo: ni nani aliyekuwa na uwezo wa kuizuia aibu hiyo? Anayepanga malango mangapi yafunguliwe, saa ngapi, na tiketi zikaguliwe umbali gani kutoka mlangoni ni mwenye uwanja na mwenye kulinda. Shabiki hana ufunguo. Mtu akizuiliwa saa tatu juani akiwa na tiketi yake mkononi, kisha akasikia wimbo wa taifa ukiimbwa ndani, atasukuma. Hilo si jambo la kabila wala la elimu. Ni la maungo ya binadamu.

Ulimwengu umekwisha kulipa gharama ya funzo hili. Tarehe 15 Aprili 1989, katika uwanja wa Hillsborough huko Uingereza, msongamano uliwaua watu ambao idadi yao hatimaye ilifika 97. Polisi waliwalaumu mashabiki. Ilichukua miaka 27 hadi baraza la wazee wa mahakama liseme, mwaka wa 2016, kwamba waliuawa isivyo halali na kwamba mashabiki hawakuwa na hatia. Tarehe 9 Mei 2001, Accra, mashabiki walipong'oa viti, polisi walirusha vitoza machozi ndani ya jukwaa lenye malango yaliyofungwa. Wakafa watu 126. Kuvunja kiti ni kosa dogo ambalo sheria ina adhabu yake. Hakuna sheria popote inayosema adhabu yake ni kifo cha jirani aliyekaa safu ya nyuma. Ndiyo maana kanuni za usalama za FIFA zenyewe zakataza silaha za moto na gesi za kutawanya umati kuchukuliwa uwanjani.

Jibu la pili ni usalama wa taifa. Wasema kwamba penye watu wengi adui hujificha. Twakubali kwamba nchi yetu imeumizwa na ugaidi, na hakuna familia iliyozika mtu wake inayohitaji kukumbushwa. Lakini mlinzi anayemwogopa anayemlinda si mlinzi tena. Tazama lililotokea Conakry, Guinea. Tarehe 28 Septemba 2009 wapinzani wa utawala wa kijeshi walikusanyika katika uwanja wa mpira wa jiji. Wanajeshi waliingia kwa jina la utulivu, wakaua zaidi ya watu 150 na kuwanajisi wanawake mchana kweupe. Mwaka wa 2024 mahakama ya Guinea ilimhukumu aliyekuwa mkuu wa utawala ule kifungo cha miaka 20 kwa uhalifu dhidi ya binadamu. Kwamba alisamehewa mwaka uliofuata ni jeraha jingine, lakini hukumu iliandikwa, na haifutiki. Anayetoa amri langoni leo na aisome.

Jibu la tatu ndilo la ujanja zaidi: "Tutawajengea viwanja vipya." Mwaka wa 2013 waliotafuta kura waliahidi viwanja 5 vya hadhi ya kimataifa. Muhula wao wa kwanza ulipokwisha mwaka wa 2017, ahadi ilikuwa bado ahadi, na mashindano ya CHAN ya 2018 yakahamishiwa Morocco kwa sababu hatukuwa tayari. Mwaka wa 2024 ujenzi wa uwanja wa Talanta, wa watu 60,000, ulianza kando ya Ngong Road kwa ajili ya Kombe la Afrika la 2027. Twaufurahia kila uwanja unaojengwa kwa uadilifu. Lakini saruji haibadilishi tabia. Lango jipya likikabidhiwa rungu la zamani, tutakuwa tumetumia mabilioni kupata mahali papya pa kupigiwa.

UMATI HUU TUNAUJUA

Umati wa Wakenya tunaujua vizuri kuliko wanaoutukana. Tarehe 30 Desemba 2002 tulijaa Uhuru Park kuuaga utawala wa miaka 24, na watu wakapanda miti ili waone. Tarehe 27 Agosti 2010 tulijaa hapo hapo kuipokea Katiba. Tarehe 27 Novemba 2015 vijana walijaa Kasarani kumsikiliza Papa Francis. Aliwaambia kwamba ufisadi ni kama sukari, mtamu na rahisi kuuzoea, na aliwataka washikane mikono kuukana ukabila, nao wakashikana, jukwaa zima. Na tarehe 7 Julai 2024, siku ya Saba Saba, vijana wa kizazi kipya waliugeuza Uhuru Park kuwa ukumbi wa tamasha la kuwakumbuka wenzao waliouawa katika maandamano ya mwezi uliotangulia. Waliimba, walilia, wakawasha mishumaa. Watu walewale, jiji lilelile. Wanapopokewa kama wenye nyumba, hukaa kama wenye nyumba.

Sheria nayo iko upande wao. Kifungu cha kwanza cha Katiba chaweka mamlaka yote mikononi mwa wananchi. Kifungu cha 28 chalinda heshima ya kila mtu, na hakisemi "isipokuwa langoni". Kifungu cha 37 chatoa haki ya kukusanyika kwa amani bila silaha. Kifungu cha 244 chaitaka huduma ya polisi kufundisha askari wake kuheshimu haki za binadamu. Na ile Sheria ya Utulivu wa Umma, tuliyorithi kwa wakoloni na ambayo kwa miaka mingi ilimlazimu raia kuomba leseni ili akutane na raia mwenziwe, ilirekebishwa mwaka wa 1997 kwa shinikizo la harakati za mageuzi. Tangu hapo mwandalizi anatoa arifa, haombi ruhusa. Arifa ni salamu ya mtu huru. Ruhusa huombwa na mtumwa. Tofauti hiyo ya neno moja iligharimu maisha, yakiwemo ya waliouawa mwaka ule, na iligharimu damu iliyomwagika ndani ya Kanisa la Watakatifu Wote tarehe 7 Julai 1997, askari walipowafuata waumini hadi madhabahuni.

TUNALODAI

Kwa hiyo, bila kupayuka na bila kuomba radhi, tunadai haya.

Kwanza, kila kifo kilichotokea katika uwanja wa umma kichunguzwe hadharani mbele ya hakimu, mashahidi wasikilizwe, na afisa aliyetoa amri atajwe kwa jina na cheo. Familia za mwaka wa 2010 na za mwaka wa 2025 zina haki sawa ya kujua.

Pili, risasi na vitoza machozi visiingie uwanjani wala kutumiwa malangoni. Kazi ya langoni ifanywe na walinzi waliofunzwa kuongoza umati, na polisi wakae karibu kwa ajili ya uhalifu.

Tatu, kabla ya kila mechi au tamasha kubwa, Sports Kenya, iliyopewa usimamizi wa viwanja hivi na Sheria ya Michezo ya 2013, itangaze idadi ya watu watakaoingia, malango yatakayofunguliwa, saa ya kufunguliwa na njia za kutokea. Mwenye tiketi asiyeweza kuingia arudishiwe fedha yake.

Nne, uwanja wa umma usitumiwe tena kuwazuilia watu, kwa tangazo lolote na kwa kisingizio chochote.

Tano, viwanja vikodishwe kwa masharti yaliyo wazi na sawa kwa wote: chama tawala na upinzani, kwaya na wanamuziki wa mitaani, Wakristo na Waislamu. Asijibiwe mmoja kwa siku moja na mwingine aambiwe kuna ukarabati.

Sita, mali ya umma isipewe tena jina la mtu aliye madarakani. Mwaka wa 2019 uwanja mkongwe wa Jogoo Road, City Stadium, ulipewa jina la Joe Kadenge, mchezaji aliyewafurahisha Wakenya bila kumwamuru yeyote apige makofi. Huo ndio mfano wa kufuatwa.

KAZI YETU SISI

Madai yasiyo na mikono hubaki karatasi. Kamati za haki na amani za parokia, vikundi vya vijana na mawakili wa kujitolea wana kazi ya kufanya kuanzia Jumapili ijayo. Nendeni viwanjani. Msiviache viwe vya watu wa misafara na vya wahuni. Nendeni na watoto wenu, maana mtoto aliyekaa jukwaani kando ya mtu wa kabila jingine, wakashangilia bao moja, ni vigumu kumpa panga baadaye. Lakini nendeni na kalamu pia. Andikeni saa lango lilipofunguliwa, yalifunguliwa mangapi, nani alipigwa, na namba ya afisa aliyempiga. Chukueni majina ya mashahidi walio tayari kusema. Leteni maandishi hayo kwa kamati zenu, nazo ziyafikishe kwa mamlaka huru ya kusimamia polisi na, ikibidi, mahakamani. Tulipokuwa tukipigania vyama vingi hatukuwa na Katiba ya kuitaja. Leo tunayo, na hakimu analazimika kuisoma tunapoiweka mbele yake.

Nabii Amosi alitaka haki isimamishwe langoni, kwa sababu katika miji ya zama zile lango ndilo lililokuwa mahakama: hapo wazee waliketi, na hapo maskini alisikilizwa au kudhulumiwa. Malango ya Nairobi ni mengi, na haya ya viwanja ndiyo yanayopitwa na vijana wengi kuliko yote. Tuanzie hapo. Haki ya kukusanyika haikukabidhiwa na mtawala yeyote, kwa hiyo hakuna askari anayeweza kuidai irudishwe. Aliyenunua tiketi na asiyenunua, aliyekuja kwa mpira, kwa muziki au kwa msiba, wote wana haki ya kurudi nyumbani wakiwa hai. Tukishindwa kuwahakikishia hilo, hatuna la kujivunia katika mageuzi haya.